Seng'enge Kwenye Dala ya Mama

Kilima chenyewe hakikuwa kikubwa. Ukisimama sokoni Kisegi ukainua macho kuelekea bara, ungekiona kama bega la mtu aliyelala kiubavu. Asubuhi ukungu wa ziwa ulikipanda polepole ukakimeza, na jua likishapanda kikaanza kurudi kidogo kidogo: kwanza mawe, halafu ua wa minyaa, halafu uwanja mdogo mahali palipokuwa nyumba. Mimi nilizaliwa Migori mjini, penye kelele za malori ya kwenda mpakani, na nilipoolewa huku ziwani, miaka ya tisini ikiwa bado michanga, nilidhani watu wa huku wote wako usingizini. Naamka, natoka na ndoo, naona ziwa limekuwa kijani mpaka macho yanapokomea. Magugu maji yameingia. Kesho yake naamka, maji meupe, magugu yamehamia kwa wengine. Siku nyingine wadudu wa ziwa wanainuka kutoka majini, nguzo nyeusi inayotembea, nami nasimama na ndoo yangu sijui kama naota. Nilimwuliza mama mkwe ni nini kile. Akacheka, akaniambia hapa vitu huja na kwenda, mimi nikae tu.

Aliniita Nyar Migori, binti wa Migori, kwa ile desturi ya Waluo ya kumwita mke kwa jina la kwao. Alikuwa mjane mrefu, mkavu, mwenye ulimi. Mimi pia nina ulimi, sifichi. Mama yangu alikuwa Mkuria na baba Mluo, na kwetu watu waligombana kwa lugha tatu, Kiswahili kikiwa ndicho cha kupatana. Mama mkwe alipoona kwamba akinirushia neno nalidaka na kumrudishia, alinipenda. Mume wangu alifanya kazi kwenye kiwanda cha sukari, anakuja mwisho wa mwezi, kwa hiyo nyumba ilikuwa yetu sisi wawili.

Alikaa nasi chini, karibu na maji, kwa sababu ya magoti. Lakini dala yake ilikuwa juu kilimani. Dala ni boma, ingawa boma naliona neno jembamba. Dala ni pale mume alipokuweka, ulipowasha moto wa kwanza, na utakapolala ukifa. Mwanamume huzikwa upande wa kulia wa nyumba yake, mkewe upande wa kushoto. Baba mkwe alikuwa tayari upande wake. Nyumba ilishaanguka, yamebaki mafiga matatu, lakini mama alijua kila ukuta ulipopita. Tulikuwa tunapanda pamoja, yeye na jembe, mimi na maji ya kunywa. Anapalilia kaburi la mumewe, anawasha moto kidogo kwenye yale mafiga ili dala isipoe, halafu anakwenda kukaa upande wa kushoto, ananyoosha miguu, anafumba macho. Haki ya Mungu, alikuwa anapajaribu kama mtu anavyojaribu kitanda dukani. Mara ya kwanza nilikasirika, nikamwambia aache kuita mauti. Akanijibu kwamba mauti haiitwi, ila kitanda hutandikwa mapema.

Na kuna jambo moja lazima niliseme hapa, ndilo lililotutesa. Msichana akifa kabla ya kuolewa, Waluo humzika nje ya ua. Hana dala. Kwa hiyo mwanamke mzima, mjane wa watu, mama wa watoto, akizikwa nje ya ua wa mumewe, ni kama ameambiwa kwamba maisha yake yote hakuwahi kuolewa. Mama aliogopa hilo kuliko kufa kwenyewe.

Wageni walianza kwa sauti. Jumapili moja, tukiwa kanisani, helikopta ilizunguka kilima kama mwewe anayetafuta vifaranga, na katekista akabaki anaombea watoto wachanga tu, wengine wote tuko nje. Wiki iliyofuata wachuuzi waliotoka Rodi Kopany wakaleta habari kwamba malori ya jeshi yamepita huko tangu alfajiri na hayajaisha. Yalipotufikia tuliona askari wetu wachache mbele, na nyuma yao wageni, weupe wengi na weusi wachache, wote wanavaa miwani ya giza. Nchi yao sitaitaja. Tulisema tu wageni, na hadi leo nikisema wageni, watu wa rika langu pale wanajua nasema nani.

Katika baraza, D.O., yaani afisa wa tarafa, alieleza kwamba hawa ni marafiki wa serikali, wamekuja kufanya mazoezi pamoja na jeshi letu, na kilima kinatakiwa kwa mitambo yao ya redio. Kwa muda tu. Akamalizia na mgeni njoo mwenyeji apone, watu wakapiga makofi. Hakuna aliyetaja kilima ni cha nani. Ndipo mama akasimama, akaomba kusema. Alisema kilima ni cha marehemu mumewe na chake, na kwamba amewapokea wageni kuwa jadak.

Watu wazima waliguna kwa kuridhika. Jadak ni mtu wa mbali anayepewa mahali pa kukaa. Mwenye ardhi humwonyesha mpaka kwa mguu, wanatembea wote, na tangu siku hiyo jadak hulima, huoa, huzaa, hakuna anayemsumbua. Ila anajua yuko kwa nani. Kitu kimoja tu watu hukichunga: jadak asizike hovyo. Kwetu kaburi ndilo hati ya shamba. Penye kaburi la mtu, siku moja wajukuu wake watakuja kudai.

Basi mama akamchukua mkubwa wa wageni, mwanamume wa shingo nyekundu, mpole, wa kusema asante kwa kila kitu, wakatembea mpaka. Mama anasema kwa Dholuo, mimi naweka kwa Kiswahili, na sajini mmoja wetu wa Kenya, Mtaita mtaratibu, anaweka kwa Kiingereza. Toka mawe haya hadi mkuyu ule, chukueni. Ndani ya ua wa minyaa, hapana, hapo kuna mtu amelala na kuna mwingine anakuja. Mkubwa akatikisa kichwa, akatabasamu, akampa mama mkono. Mama alirudi nyumbani amefurahi sana. Alisema yule kijana amelelewa.

Kosa letu lilikuwa hapo, na watu wa Nairobi wasingelifanya. Sisi tuliamini kwamba tumewapa. Kumbe wao walishapewa zamani, mbali, mezani, na watu ambao hawajawahi kupanda kile kilima. Wakati mama anamwonyesha mpaka, yule mkubwa alidhani anatembezwa.

Miezi ya kwanza ilipita kama ile saa ya mchana unaposinzia mlangoni. Nakumbuka hema za kijani zikipepea juu, na chini yake ukungu, hata kambi nzima ikawa inaelea. Nakumbuka jenereta likivuma mchana kutwa, sauti ya nyuki wasiotua, tukalizoea mpaka likizimwa tunaulizana kumetokea nini. Wanawake waliofua nguo za askari walirudi wananukia sabuni ya ng'ambo. Kulikuwa na nguzo mbili za bendera, yao na yetu, na zote mbili zilipandishwa na wao na kushushwa na wao. Nilikuwa naiangalia yetu ikishuka jioni. Hasira yangu siku zile ilikuwa bado imelala.

Halafu seng'enge ikaanza kutembea. Nasema kutembea kwa sababu hatukuwahi kuiona ikiwekwa. Asubuhi ukungu ukiinuka, waya umesogea mbele. Umepita mawe. Umepita mkuyu. Siku moja ukungu uliinuka, na ua wa minyaa ulikuwa ndani.

Mama akachukua jembe kama kawaida, tukapanda. Penye njia yetu palikuwa na geti la mti mmoja wa kuinua, na yule sajini amesimama na redio mkononi. Alituamkia kwa heshima, akauliza kitambulisho. Mama akauliza kitambulisho cha kwenda wapi. Sajini akatazama chini. Alieleza kwamba amri imetoka, hakuna raia kuingia bila ruhusa ya kambi; kwamba hata chifu juzi alisimamishwa palepale akageuza baiskeli yake. Mimi nikapandwa na hasira. Nikamwuliza yeye ni askari wa nani, anavaa bendera ya nani begani, na kama mshahara wake unalipwa na helikopta. Aliniacha nimalize.

"Dada," akasema, "hata mimi nikitaka kuingia humo ndani, naomba ruhusa."

Mtu akikuambia hivyo, utamtukana nini tena? Aliingia kibandani akatoa kiti chake, akamwekea mama, kisha akamwita mkubwa kwenye redio. Mkubwa alikuja mwenyewe, na tabasamu lake. Alisema hakuna shida hata kidogo. Mama aombe tu, aandikwe jina, atapewa kibali cha kuingia mara moja kwa wiki, na askari wa kumsindikiza.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akainuka, akamwegemezea sajini kiti chake kibandani, akashika njia ya kurudi. Nilimfuata nikimsihi. Nilimwambia ni kuomba tu, mama, neno moja, halafu utapalilia kaburi lako kwa raha. Alisimama kando ya njia akashika goti.

"Nyar Migori, anayeomba ni jadak," akaniambia. "Siku nikiomba, yeye ndiye mwenye dala. Na nikishakuwa jadak, nitazikwaje pale?"

Tangu siku hiyo hakupanda tena. Alikuwa anaweka kiti nyuma ya nyumba, anakaa anatazama juu, na mimi nasafisha dagaa kando yake nikitukana kwa lugha zangu tatu. Ananituliza yeye! Wakati mwingine alisinzia katikati ya maneno, akaamka akaniuliza kama ule moto wa juu umewashwa. Nilimwambia ndiyo. Naye alijua si kweli, nami nilijua anajua, na tulikaa hivyo hivyo.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Wageni walikuwa na mbwa, mbwa mkubwa wa kazi, wa kunusa, na alikula nyama kila siku, jambo lililowapa watu wa Kisegi mazungumzo ya mwaka mzima. Yule mbwa akafa. Nadhani nyoka. Tukasikia tarumbeta mchana, ya huzuni, ya kupendeza hata, ukweli usemwe; upepo unaileta unaichukua. Tukaona kwa mbali wamejipanga mistari. Wanawake wa kufua walipoteremka jioni walitusimulia: amezikwa kwa heshima zote, ametengenezewa mawe yaliyopakwa chokaa, na msalaba mdogo. Nikauliza wapi. Wakatazamana. Ndani ya ua wa minyaa, wakasema, penye kivuli, karibu na mafiga.

Mama alimaliza uji wake. Aliosha kikombe. Usiku ulipita, asubuhi akaniita kitandani kwake, na macho yake yalikuwa makavu.

"Mbwa amepata dala," akasema. "Mimi nitalala nje kama msichana."

Hapo ndipo hasira yangu iliamka sawasawa, na sidhani kama imelala tangu siku hiyo. Nilifunga kitambaa kichwani nikaenda Homa Bay, kwenye ofisi ya wilaya. Nilikaa kwenye benchi pamoja na watu wa mipaka ya mashamba na watu wa vyeti vya kuzaliwa, feni inazunguka polepole juu yetu, na usingizi ukanipitia pale pale, nikaota kilima kinaelea ziwani kama kisiwa cha magugu, kinakwenda zake. Karani aliyenisikiliza alikuwa mtu mzuri. Alisikia yote, hata akaacha kalamu. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mambo ya kilima kile yako Nairobi, si hapo. Kwamba mkubwa wake mwenyewe akitaka kwenda kule hutuma watu mbele kuuliza. Ushauri wake ulikuwa niende nikamwombe mkubwa wa kambi, maana anasikia ni muungwana.

Nilitoka nje nikasimama kwenye jua. Yaani serikali yangu, niliyoipigia kura, imenitazama usoni ikaniambia niende nikaombe kwa mgeni. Nililia, wala sikujificha. Mwanamke aliyeuza ndizi kando ya lango alinipa moja akaniambia kula, chochote kile, kula kwanza.

Niliporudi sikumwambia mama alichosema karani. Nilimwambia wanaangalia. Mvua za masika zilianza wiki ile, ziwa na anga vikawa kitu kimoja, na mama akaanza kukohoa. Mganga wa zahanati alisema ni mapafu. Alipungua haraka. Alikuwa anazungumza na mumewe mchana kweupe, anamwuliza kama mbwa anambwekea, na kisha anacheka. Siku moja alinishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Wataniletea maneno yao mazuri," akasema. "Msiombe."

Alikufa mchana, mvua ikiwa imekatika, vitu vyote vinatoa mvuke. Nilikuwa nimekaa naye. Nilimfunga kidevu kwa leso yangu mwenyewe, nikatoka nje, nikapiga ukemi mpaka sauti ikakatika, na watu wakaja kutoka pande zote wakiwa na sauti zao.

Sasa azikwe wapi? Mume wangu alifika na basi, macho mekundu, na kusema kweli yeye alitaka tuombe. Si mtu mbaya. Alisema mwenye nguvu mpishe, neno moja la kuomba halina uzito, mama atalala pake, na hayo mengine ni maneno ya wazee. Nilimwambia mama yako alisema tusiombe. Akaniambia mama yake hakujua ulimwengu umekuwaje. Tuligombana mbele ya waombolezaji, aibu tupu, huku jeneza lipo chini ya turubai na katekista anajifanya anatafuta ukurasa. Wengine walisema basi azikwe hapa chini kwetu, nje, na dunia haitaisha. Lakini ningemzikaje nje? Ningeishi vipi na hilo?

Ndugu yake marehemu baba mkwe alikuwepo, mzee mgomvi, mvuta ugoro, ambaye alikuwa hajasemezana na mama kwa miaka kwa sababu ya fahali mmoja. Alikuwa amekaa peke yake. Akapiga chafya ya ugoro, akauliza kama kuna mtu amekumbuka buru.

Buru ni kufukuza mauti. Akifa mwanamume mzima, watu hukusanya ng'ombe wa jirani wote, wanashika mikuki na matawi, wanapiga pembe na ngoma, wanakimbia na mifugo hadi mpakani kupigana na mauti, kisha wanarudi kwa kishindo hadi dalani kwa marehemu. Vijana wakasema buru ni ya wanaume. Mzee akawajibu kwamba mwanamke huyu ameishika dala ya kaka yake tangu alipofiwa, amefukuza wezi, amegombana hata na yeye na akamshinda; kama si mwanamume, basi yeye mzee hajawahi kumwona mwanamume. Kisha akauliza, tena polepole, kama mwalimu: buru huomba njia kwa nani? Gari likikutana na buru, husimama. Harusi ikikutana na buru, husimama. Na buru hurudi wapi? Hurudi dalani kwa marehemu. Na dala ya huyu iko wapi?

Mume wangu aliangalia kilima. Kisha akaenda kuazima ng'ombe.

Siku ya kuzika ukungu ulikuwa mzito, tukaanza tukiwa hatuonani vizuri. Nilisikia pembe kwanza, halafu kwato, halafu ardhi yote ikaanza kutetemeka chini ya nyayo zangu. Ng'ombe walitoka kwenye weupe ule wakiwa wamefungwa matawi shingoni, wanaume wakikimbia kando yao wakiita sifa za mama, na mimi nyuma pamoja na wanawake, na jeneza katikati yetu limebebwa juu juu. Tulikwenda hadi mto mdogo ulio mpakani, mauti ikafukuzwa, tukageuka. Ukungu ulikuwa unainuka tukiupanda. Sikujihisi nina miguu. Nilikuwa naona mgongo wa fahali, pembe, tawi, anga, tena mgongo wa fahali, na moyoni nasema, mama, tunakuja, tunakuja. Kama wangepiga risasi siku ile nadhani nisingesikia.

Sajini alikuwa getini. Aliona ng'ombe wa mbele, akainua redio hadi mdomoni. Kisha akaona jeneza. Nilikuwa karibu vya kutosha kuuona uso wake, na ninaapa sikumwomba hata kwa macho. Aliiweka redio kwenye kiti, akaenda kwenye ule mti, akauinua kwa mikono miwili, akasimama hivyo ameushikilia mpaka mtu wa mwisho akapita. Wiki ile ile walimhamisha, wala hatukujua wapi. Nilimpikia kuku, nikakuta ameshaondoka.

Tulijaa dalani. Ng'ombe walizunguka ua, wanahema, na ndani wanaume wakavua mashati wakaanza kuchimba upande wa kushoto, udongo laini wa mvua, wakipokezana majembe. Mzee mgomvi aliona yale mawe ya chokaa, akayaelekea, na nilidhani sasa vita. Akayatazama. Akasema mbwa aachwe, maskini, naye hakuchagua kuja. Wageni walikuwa wametoka kwenye mahema na kamera zao. Walidhani tumewaletea ngoma. Wengine walipiga makofi kwa kufuata mdundo, wakicheka na kutuonyesha dole gumba, na tulimshusha mama kaburini kwa makofi yao. Nilitaka kukasirika, nikakosa nafasi. Nilikuwa natazama kamba zikiteremka, na nyumba isiyokuwepo, na mama upande wake, na nilifurahi. Nilifurahi sana, jamani, machozi yanatiririka.

Udongo ulipokwisha kusawazishwa, yule mkubwa akaja na sajini pembeni yake. Hakuwa na tabasamu. Alikuwa ameshaelewa. Aliwazuia wale wa kamera kwa mkono, akavua kofia, akasimama kidogo, na najua alikuwa na huzuni ya kweli. Kisha akasema maneno, na sajini akaniwekea kwa Kiswahili: anatoa pole, anasema haya yote hayakuhitajika, anasema laiti mngeomba, angewapa ruhusa hata ndani ya saa moja.

Watu walinigeukia, maana mimi ndiye niliyezoea kumsemea mama.

"Mwambie asante," nikamwambia sajini. "Lakini tungeomba, mama angezikwa kambini. Leo amezikwa nyumbani."

Sajini akamgeukia mkubwa wake akamwekea yote, polepole, bila kupunguza neno.